Mbwa wa Kuswaga Mifugo Katika Boma la Nairobi

Mfugaji wa Ruai, Karen au Dagoretti anayenunua mtoto wa Border Collie ni nadra kuambiwa kwamba mbwa huyu alizalishwa kwa vizazi vingi, mpakani mwa England na Scotland, ili awaswage kondoo milimani kutwa nzima. Akikosa kondoo, silika yake haifi. Atawanyemelea kuku huku amekodoa macho, atawauma visigino watoto wanaokimbia na kufukuza bodaboda zinazopita getini, na wenye nyumba, wakidhani kwamba ni ukali, watamfunga mnyororo.

Mnyororo ndio kosa kubwa kuliko yote. Mbwa wa namna hii akifungwa kutwa hubweka bila kukoma, huchimba ardhi, na siku anapofunguliwa huwa hashikiki. Mtembeze alfajiri na jioni, jua likiwa halijawa kali. Msitu wa Karura huruhusu mbwa walio kwenye kamba. Hata hivyo, mbio peke yake humwongezea pumzi tu, hazimtulizi. Kinachomchosha ni kazi ya akili: kutafuta chakula ulichoficha, kulala chini kwa amri, kusimama anaposikia mluzi. Masomo yawe mafupi, ya dakika 10 hivi, mara kadhaa kwa siku, na asikaribishwe kwa mbuzi kabla hajajua kusimama na kurudi anapoitwa, kwa sababu mbuzi mwenye mimba akikimbizwa ovyo anaweza kuharibu mimba. Mtoto wa mbwa asikimbizwe masafa marefu, kwani mifupa yake bado inakua.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, na akaguliwe kupe kila atokapo nyasini.

Kuna hatari moja ambayo naomba kila mwenye mifugo aizingatie. Baadhi ya mbwa wa ukoo wa collie wana hitilafu ya jeni inayoruhusu dawa ya ivermectin, ambayo wengi wetu huwadunga ng'ombe na mbuzi kwa ajili ya minyoo na upele, kupenya hadi kwenye ubongo. Mbwa huyumba, hutetemeka, hutokwa na mate, hupofuka, na anaweza kufa. Usimpe kamwe dawa iliyobaki zizini, mzuie asile kinyesi cha mifugo iliyotibiwa, na umtajie daktari wa mifugo mbari yake kabla hajaandika dawa yoyote.