SOMO: Sumu tunazoziingiza wenyewe majumbani, na vipi tuusaidie mwili ujisafishe

Asalaam alaykum wenzangu. Somo nililoahidi hili hapa. Wengi mumenitumia picha ya zile chupa za "kuondoa sumu mwilini kwa siku saba" mnauliza zinunuliwe au vipi, jibu langu mie ni hapana, na somo zima hili ndo sababu ya hiyo hapana kwa hivyo someni mpaka chini msikimbilie maswali.

Mie ni nesi, nimekaa vituo vya afya huku Pemba miaka mingi mpaka nimestaafu, na baba yangu alikuwa mvuvi. Baba alikuwa akisema mashua ikivuja ukikaa unafua maji tu, yaani unayateka unayamwaga nje, bila kuutafuta ule mshono ulioachia basi utafua mpaka alfajiri na maji yako pale pale. Mwili ni hivyo hivyo. Mfuaji maji unaye tayari, Mungu kakupa. Ini lako lina uzito wa kama kilo moja na nusu, kila kitu unachokula na kila dawa unayomeza inapita hapo, linaibadilisha ile sumu iwe kitu kinachoyeyuka ndani ya maji ama linaitia kwenye nyongo itoke na choo. Figo nazo zinachuja maji ya damu kama lita 180 kwa siku moja, wewe mkojo unaouona ni lita moja na nusu hivi, yaliyobaki yote yamesafishwa yamerudi mwilini. Sasa niambie ile chupa ya elfu thelathini itafanya nini kipya hapo? Tunachotakiwa sisi ni kukalafati, yaani kuziba zinakoingilia.

HATUA YA 1: Angalia unavyowasha moto

Juzi asubuhi nimepita kwa jirani, binti yake wa miaka tisa katumwa awashe jiko. Kachukua kipande cha kandambili kuukuu kakitia kiberiti, ile plastiki inatona matone meusi ya moto juu ya mkaa inafanya vuu vuu, na yeye kainama anapuliza, kila akimaliza pumzi anavuta ule moshi ndo anapuliza tena. Roho imeniuma. Ule moshi una dioxini na vitu vyengine ambavyo vikiingia vinakaa kwenye mafuta ya mwili miaka, mwili hauna haraka navyo. Halafu maandazi ya chai yanapikiwa hapo hapo.

Makumbi tunayo, vifuu tunavyo, makuti makavu yamejaa uwani. Washa kwa hivyo, jiko liweke nje au mlangoni penye upepo mpaka mkaa ushike ndo uingize ndani. Choroko na maharage roweka usiku, funika sufuria, moto utautumia mchache na moshi utauvuta mchache. Mwenye uwezo wa gesi atumie gesi, mie sioni israfu hapo, kifua chako ni mali zaidi.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: JIKO LA MKAA LISILALE CHUMBANI. Hasa chumba cha mzazi, tunamfungia madirisha yeye na mtoto wake wa siku nne na jiko chini ya kitanda eti wapate joto. Mkaa unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na damu inaikamata hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikamata oksijeni, mtu anaumwa kichwa, anachoka, analala, haamki. Udi na ubani pia kwa mtoto mchanga, chetezo kipite kitoke, dirisha liwe wazi.

Taka za plastiki msizichome jioni uwani, nailoni na chupa zipelekeni jaani zinakochukuliwa.

HATUA YA 2: Risasi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hawaijui. Risasi ninayoisema ni ile madini laini nzito, kwa Kiingereza lead, si lazima ya bunduki. Haina harufu, haiwashi, haikufanyi utapike siku hiyo hiyo. Kwenye damu inakaa kama mwezi hivi, inayobaki inaingia kwenye mifupa na huko inakaa miaka kumi, ishirini, zaidi, halafu mama akishika mimba au akinyonyesha ile ya mifupani inatoka inamfikia mtoto. Kwa mtoto mdogo inagusa akili, skuli hashiki anachofundishwa na sie tunasema mvivu. Na hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto.

Inatoka wapi kwetu? Kwanza chubwi. Wavuvi wetu wanavunja betri za gari zilizokufa, wanayeyusha ile risasi ndani ya sufuria kuukuu, wanaimimina kwenye mchanga wanapata chubwi za mishipi. Nimekulia kwenye nyumba hiyo, ilikuwa inang'aa kama fedha na sie watoto tumekaa mduara tunaangalia, ikishapoa tunacheza nayo, wengine wanaing'ata ili itanuke waipachike. Bas, hiyo iishe. Anayeyeyusha afanye mbali na nyumba, upepo uwe mgongoni, watoto wasiwepo, sufuria hiyo isirudi jikoni hata kwa kuchemshia maji ya kuoga, na nguo abadilishe kabla hajambeba mtoto.

Pili wanja wa manga. Najua hapa nitagombana na watu. Wanja mwingi unaouzwa kwa jina hilo ni jiwe lenye risasi lililosagwa, na tunawapaka watoto wachanga machoni na kwenye nyusi, mtoto anajifikicha, anatia vidole mdomoni, kashaila. Kwa kumuangalia tu huwezi kujua upi una risasi upi hauna. Mimi nasema mtoto asipakwe.

Tatu rangi za zamani. Sikukuu ikikaribia kila mtu anapara mlango apake rangi mpya. Usipare pakavu, rowesha kwanza, watoto waende kwa bibi yao siku hiyo, vumbi lote lifutwe kwa kitambaa cha maji, usifagie.

HATUA YA 3: Mafuta ya ngozi

Mkorogo na krimu za kujichubua, nyingi zina zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi inakwenda moja kwa moja kwenye figo, yaani wale wale wafuaji maji wako unawapiga wewe mwenyewe. Nimeona dada wa miaka 27 miguu imevimba mpaka ukibonyeza kidole kinabaki shimo, mkojo una povu, kuulizwa ulizwa ni krimu ya harusi kapaka miezi minane. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa wa kupunguza zebaki, umezizuia krimu za aina hiyo lakini sokoni zimo. Soma kibandiko, ukikuta neno mercury au calomel ndo zebaki hiyo, iache, na isiyo na kibandiko chochote iache vilevile. Ukiwa nayo nyumbani acha kuipaka leo, osha mito na taulo, maana hata mtoto anayelalia kifuani kwako anaipata.

HATUA YA 4: Chungu cha chakula

Njugu na mahindi yenye ukungu, usichague mbovu ukatupa halafu ukakaanga zilizobaki ukala, ule ukungu unaacha sumu inaitwa aflatoksini na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu wamekufa kwa mahindi ya aina hiyo, kiasi cha 20. Na mwenye homa ya ini ya B akiila hatari ya saratani ya ini inapanda sana. Anika vizuri, weka mahali pakavu, njugu ikiwa chungu mdomoni tema.

Mhogo mchungu menya, roweka, chemsha sufuria wazi na maji yale mwaga. Kisamvu twanga sawasawa na chemsha muda mrefu bila kifuniko, ile sumu yake inatoka na mvuke.

Kasa. Hapa siandiki kwa utulivu. Machi 2024 Kisiwa Panza watoto 8 na mtu mzima 1 wamekufa kwa nyama ya kasa, na Novemba 2021 wamekufa watu 7 hapa hapa Pemba. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha, dawa ya kuiondoa haipo, na mama akila inapita kwenye maziwa. Kasa mmoja wa jana mulikula salama, wa leo akawaua, kwa sura hamumjui. Mukiletewa rudisheni. Bunju vilevile, yule samaki mwenye sumu anayejijaza akavimba, nae habari yake munaijua.

Chai, uji na urojo wa moto usitiwe kwenye mfuko wa nailoni, nenda na bakuli lako.

HATUA YA 5: Chupa

Fupi tu. Mafuta ya taa na dawa ya shamba zisikae kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akishakunywa mafuta ya taa USIMTAPISHE, yakirudi yanaingia kwenye mapafu, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Na jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, hewa yake inachoma kifua.

HATUA YA 6: Sasa ndo umsaidie mfuaji maji

Kunywa maji, ukifunga yagawe baina ya futari na daku usiyabugie yote mara moja. Kula mboga na matunda yenye nyuzinyuzi, mchicha, mtoriro, kunde, shelisheli, kwa sababu ile nyongo iliyobeba uchafu inatakiwa ishikwe itoke na choo, ukikosa choo siku nne nyengine inarudi ndani. Mpe mtoto vyakula vya chuma na kalsiamu, dagaa wazima na mifupa yao ni bora kabisa, maana mwili wenye njaa ya chuma unaivuta risasi zaidi. Panadoli mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, ukizidisha unaliua ini. Diklofenaki ya kila siku kwa mgongo inachosha figo, muone daktari. Chanjo ya homa ya ini usiikimbie. Ndimu na maji ya uvuguvugu kunywa ukipenda, ni nzuri, lakini si dawa ya kutoa sumu.

MASWALI YENU

Swali, kutoka Wete: Shoga, sie nyumbani kila mwezi tunakunywa sanamaki na haluli, tunaharisha mpaka tunajiona wepesi. Si kusafika huko?

Jibu: Huo wepesi ni maji na chumvi za mwili zilizokutoka mpenzi wangu. Sumu iliyo ndani ya damu au mifupa haikuguswa. Mara moja kwa kukosa choo sawa, kila mwezi bila ya sababu hapana, na kwa mtoto, mzee au mwenye figo dhaifu ni hatari kweli. Haluli mwenye figo mbovu asiiguse.

Swali, kutoka Mkoani: Na kujifukiza kwa majani, lile jasho halitoi sumu?

Jibu: Jasho ni maji na chumvi, kazi yake kupoza mwili. Kinachotoka zaidi ya hapo ni kidogo mno. Jifukize kwa mafua ukipenda ila angalia usiungue, na kunywa maji baadae.

Swali, kutoka Michenzani, Unguja: Nina mimba ya miezi mitano na hamu yangu yote ni papa wa nazi, nimesikia samaki wana zebaki, niache samaki?

Jibu: Hongera mwanangu. Samaki usiache hata kidogo, mtoto anamhitaji. Zebaki inajikusanya kwa wale wakubwa wanaokula wenzao, papa, nduaro, jodari wakubwa. Kwa hivyo mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha mpishe papa, kula dagaa, vibua, changu wadogo. Nazi haina kosa, mtie changu.

Swali, kutoka Konde: Bibi, mie ni mvuvi, hizo chubwi nimeyeyusha jikoni miaka na mwanangu wa miaka minne anashinda na mie. Nifanye nini?

Jibu: Ahsante kwa kuuliza babaangu, wengi wananyamaza. Leo toa vyote nje, sufuria, mabaki, kile kipande ulichoweka dirishani. Sakafu piga deki kwa maji na sabuni, mchanga wa pale ulipomiminia zika au funika. Mtoto anawe mikono kila kabla ya kula. Halafu mpeleke hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee umwambie daktari neno kwa neno "nimekuwa nikiyeyusha risasi ndani ya nyumba", usimwambie tu kuwa mtoto hana hamu ya kula, kwa sababu bila ya neno hilo atapewa dawa ya minyoo. Kipimo ni cha damu. Na dawa za kienyeji za kutoa risasi usimpe.

Swali, kutoka Wawi: Mafuta ya karafuu tone moja moja kwa tumbo la mtoto vipi? Sie tumekua nayo.

Jibu: Hapana. Karafuu kwenye pilau ni chakula, mafuta yake ni kitu kikali sana, vijiko viwili vya chai vimetosha kuharibu ini la mtoto mdogo. Chupa ya mafuta hayo iweke juu, pamoja na dawa.

Swali, kutoka Mtambwe: Nimesoma habari ya wanja nikaufuta, mama mkwe kanuna siku ya tatu leo, anasema nataka mjukuu wake apate kijicho. Nimwambieje?

Jibu: Usimwambie "umempa sumu", wallahi neno hilo halitasahaulika. Yeye kapaka kwa mapenzi, na yeye kapakwa na mama yake. Mpelekee mtoto mwenyewe umkalishe mapajani pake, umwambie mama, nesi kakataza wanja kwa sababu siku hizi hatujui wanachosaga ndani yake, naomba wewe umsomee asubuhi na jioni. Kazi ya kumkinga mjukuu ibaki kwake. Akishakubali muombe kile kichupa, usikitupe uwani, kifunge ndani ya mfuko kiende na taka. Wanangu wawili wamepakwa wanja huo huo na mkono wangu mwenyewe, nilikuwa sijui.