Namna ya Kuandika Historia ya Timu ya Besiboli Iliyohamahama: Mfano wa Athletics

Historia ya timu ya besiboli ya kulipwa ya Marekani haiandikwi kama historia ya klabu za soka za kwetu. Simba na Yanga ni za Dar es Salaam, na hakuna anayewaza kuziona zikihamia Mwanza. Lakini huko Marekani timu ni mali ya mmiliki, ligi kuu haina kupanda wala kushuka daraja, na mmiliki asiyeridhika na mji mmoja anaweza, akiruhusiwa na wamiliki wenzake, kuichukua timu pamoja na rekodi zake akaipeleka mji mwingine. Kwa hiyo ninamshauri mwandishi aanze na wamiliki na viwanja, ndipo aje kwenye mataji. Mfano wangu ni Athletics, timu ninayoiona kuwa inalidhihirisha jambo hili kwa uchungu kuliko nyingine.

Anza kwa kuandika makazi ya timu na miaka yake. Athletics ilikuwa Philadelphia kuanzia 1901 hadi 1954, Kansas City kuanzia 1955 hadi 1967, Oakland kuanzia 1968 hadi 2024, na tangu 2025 inacheza West Sacramento ikisubiri uwanja mpya wa Las Vegas. Huo ni uhai mmoja, na mataji yake tisa ya World Series (fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani) ni ya timu hiyo hiyo: matano ya Philadelphia (1910, 1911, 1913, 1929 na 1930) na manne ya Oakland (1972, 1973, 1974 na 1989). Tahadhari pia na majina yanayofanana, kwa maana Philadelphia ilikuwa na klabu nyingine zilizoitwa Athletics katika karne ya 19, na hizo hazihusiani na hii iliyozaliwa pamoja na American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu.

Baada ya hapo, uliza katika kila kipindi fedha zilitoka wapi na ziliisha lini. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha historia yenyewe. Connie Mack aliiongoza Athletics uwanjani kwa misimu 50, kuanzia 1901 hadi 1950, naye alikuwa pia mmoja wa wamiliki. Hakuwa na biashara nyingine kubwa ya kumkinga, hivyo mapato ya milangoni yalipopungua alilazimika kuuza wachezaji. Mwaka 1914 timu yake ilishinda michezo 99, kisha ikafungwa na Boston Braves michezo minne kwa bila katika World Series. Wakati huo ligi mpya iliyoitwa Federal League ilikuwa ikiwavuta wachezaji kwa mishahara mikubwa zaidi. Mack akamuuza Eddie Collins kwa Chicago White Sox, wengine wakaondoka, na timu ikashika mkia misimu saba mfululizo, kuanzia 1915 hadi 1921. Alijenga tena kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1929 na 1930, na mdororo mkubwa wa uchumi ulipoingia akauza tena: Al Simmons, Mickey Cochrane, Lefty Grove, Jimmie Foxx. Mwandishi anayeorodhesha mataji tu hawezi kumweleza msomaji kwa nini timu bora namna hiyo ilivunjika mara mbili.

Unapolinganisha misimu, usitumie idadi ya ushindi peke yake. American League ilicheza michezo 154 kwa msimu kwa miaka mingi, na tangu 1961 ratiba yake ni ya michezo 162. Gawanya ushindi kwa jumla ya ushindi na vipigo. Mwaka 1916 Athletics ilishinda michezo 36 na kupoteza 117, yaani asilimia 23.5, mwaka 1931 ilishinda 107 na kupoteza 45, yaani asilimia 70.4.

Uhamisho wa wachezaji nao usomwe pamoja na mahusiano ya wamiliki. Arnold Johnson, aliyeinunua timu na kuihamishia Kansas City, alikuwa na uhusiano wa kibiashara na wamiliki wa New York Yankees, na katika miaka yake wachezaji wazuri waliendelea kupelekwa New York. Roger Maris alikwenda huko Desemba 1959, na mwaka 1961 alipiga mipira 61 ikavuka uzio, akaipita rekodi ya msimu mmoja ya Babe Ruth, nyota wa zamani wa Yankees, ya 60. Kansas City haikupata hata msimu mmoja wa ushindi kuzidi vipigo katika miaka yake 13.

Kwa Oakland, soma sheria za kazi sambamba na matokeo. Charlie Finley, mmiliki wa timu, alitwaa mataji matatu mfululizo, lakini mwishoni mwa 1974 msuluhishi aliamua kwamba alikuwa amevunja mkataba wa Catfish Hunter, na mrushaji huyo akawa huru kujiunga na Yankees. Uamuzi mwingine wa usuluhishi, wa Desemba 1975, ulivunja utaratibu uliomfunga mchezaji kwa timu moja. Finley alipojaribu kuwauza Vida Blue, Joe Rudi na Rollie Fingers mwezi Juni 1976, Bowie Kuhn, kamishna wa ligi kuu, alizuia. Kufikia 1979 timu ilipoteza michezo 108, na msimu mzima ulipata watazamaji 306,763 tu.

Kila dai lihakikishwe kwa kumbukumbu za wakati husika. Hifadhi ya Retrosheet inatoa bure takwimu za michezo ya zamani, chama cha watafiti cha SABR kilichoanzishwa 1971 huchapisha wasifu wa wachezaji, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni magazeti mengi ya kale. Hata simulizi la nembo ya tembo mweupe (msemo wa Kiingereza wenye maana ya kitu cha gharama kisicho na faida), aliyetajwa na John McGraw, meneja wa New York Giants, mwaka 1902 kwa kuidharau timu mpya, nembo ambayo Mack aliipokea kwa fahari, linastahili kutafutwa gazetini kabla ya kuandikwa.

Wapeni mashabiki nafasi katika maandishi yenu, kwa sababu wao hawahami na timu. Tarehe 13 Juni 2023, mashabiki 27,759 walikusanyika katika uwanja wa Oakland kumtaka mmiliki John Fisher aiuze timu. Mwezi huo huo jimbo la Nevada likaidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa Las Vegas, na Novemba wamiliki wote wa timu za ligi kuu wakaukubali uhamaji. Mchezo wa mwisho Oakland, tarehe 26 Septemba 2024, uliisha kwa ushindi wa 3 kwa 2 dhidi ya Texas Rangers, mbele ya watu 46,889. Sasa timu inaitwa Athletics tu, bila jina la mji. Uwanja wa Las Vegas umepangwa kufunguliwa 2028, na hadi utakapofunguliwa uandikwe kuwa ni mpango, pamoja na tarehe ulipotangazwa.