Mgonjwa anasema "nakufa" na vipimo viko safi, usimwambie hana kitu

Matabibu na manesi wenzangu, huyu mgonjwa mnamjua. Anaingia kashika kifua, jasho linamtoka, anahema kama kakimbizwa, vidole vimekufa ganzi, dokta nakufa. Unapima presha imepanda kidogo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) safi, malaria hana, nusu saa baadaye katulia anaomba maji, unamwambia huna kitu nenda nyumbani. Wiki ijayo yuko hapo tena, au yuko kwa mganga maana nyumbani wameshasema kapandisha majini.

Hii inaweza kuwa paniki, yaani shambulio la ghafla la hofu kali, ila usikimbilie kusema ni hofu. Pima sukari, wingi wa damu, oksijeni, sikiliza kifua kama kuna pumu, akiwa anakonda na mikono inatetemeka muda wote pima thairoidi (tezi ya shingoni), uliza miraa, kahawa, pombe aliyoacha ghafla. Mtu mzima mwenye kisukari au presha kifua kikimbana, huo ni moyo mpaka uhakikishe sio.

Ukimaliza hapo muulize, "tangu siku ile umeacha kufanya nini?" Mimi hili swali nalipenda sana. Atakwambia daladala hapandi tena, kanisani anakaa mlangoni, halali peke yake. Kama mashambulizi yanakuja ghafla bila sababu, yamejirudia, na mwezi mzima au zaidi anaishi anaogopa lingine, hapo ndo ugonjwa wa paniki.

Shambulio likimkamata mbele yako kaa naye, ongea taratibu, avute hewa kwa pua aitoe polepole kwa mdomo. Mambo ya kumpumulisha kwenye mfuko achaneni nayo.

Dawa sasa. Diazepamu, ile dawa ya kutuliza, ya kila siku hapana jamani, anaizoea mpaka anashindwa kuiacha, na tunaitoa kirahisi mno. Sertralini, dawa ya hofu na sonona, anza na miligramu 25, baada ya wiki panda 50, na umwambie mapema kabisa kwamba siku za kwanza hofu inaweza kuzidi na nafuu inachukua wiki kadhaa, usipomwambia ataitupa siku ya nne. Akipata nafuu aendelee miezi 6 au zaidi, asikate ghafla. Muulize pia kama anawaza kujiua, usione aibu.

Na tiba ya maongezi inafanya kazi kweli. Ukishajua moyo wake mzima, mwambie akimbie pale pale aliposimama chumbani dakika moja mpaka moyo udunde, mkae wote muusubiri ushuke, aone mwenyewe kwamba moyo kudunda sio kufa. Kesho apande daladala kituo kimoja, keshokutwa viwili.