Kabla hujamkabidhi mpwa bastola: kurekebisha shabaha ya rivolva mpya Marekani

Haya ni kwa mlioko Marekani kwa grinikadi au uraia na mmenunua rivolva ya kwanza, ile ya kuvuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Yangu ni Ruger Blackhawk ya .357, niliinunua hapa Texas. Siku ya kurekebisha shabaha nilikwenda na mtoto wa dada yangu, mwanafunzi mwenye viza ya F-1. Nikampa naye apige tano. Hapo ndipo tulipoumia.

Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya utalii au ya kazi, kuwa na bunduki au hata risasi moja mkononi. Si kununua tu, ni kushika! Dakika mbili uwanjani, mjomba akiwa pembeni, bado ni kushika. Adhabu inafika miaka 15 jela. Na wewe unayempa huku ukijua ana viza gani, una kesi yako.

Upo mlango mmoja wa kawaida: leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Mwenye viza akiwa nayo kabla ya kushika silaha, katazo hilo linamwondokea. Hapa Texas inauzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Akate kwanza, amwone mwanasheria wa uhamiaji, ndipo muende. Narudia: kwanza.

Sisi hatukujua. Mlangoni tulipewa fomu, na kipengele kimoja kiliuliza kama sheria inakukataza kushika silaha. Mpwa aliweka tiki kwenye "hapana" bila kusoma. Kisha akapiga picha na bastola mkononi, akaiweka mtandaoni. Mwaka na zaidi ukapita, akaolewa na grinikadi ikaombwa. Kwenye usaili afisa akamgeuzia skrini: ni yeye, na jezi yake ya Taifa Stars, kidole kikiwa kwenye kifyatulio.

Wamarekani uwanjani ni wakarimu kweli. Mzee asiyekujua atakuazima mfuko wake wa mchanga na kukurekebisha mkono. Ila kwao silaha ni haki ya kikatiba, hawawazi kwamba aliyesimama nao anaweza kuwa amekatazwa. Kwetu ungeanzia serikali ya mtaa, ukaenda polisi, ukahojiwa mpaka uchoke. Tunaulalamikia mlolongo ule, lakini ungetushtua mapema. Huku hakuna wa kukushtua, na kutoulizwa si kuruhusiwa.

Shabaha yenyewe haina makuu. Fungua kijilango cha kujazia, zungusha silinda, kagua tundu moja moja kuwa ni tupu. Chagua aina moja ya risasi na usiibadilishe, maana risasi nzito iendayo taratibu kwa kawaida hupiga juu zaidi. Mimi nilitumia .38 Special, zinaingia kwenye .357 na hazirushi mkono sana. Laza mikono juu ya mfuko wa mchanga, mita 15, piga tano, kisha tazama kundi zima, si tundu moja. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi ziende. Zangu zilikuwa vidole vinne kushoto ya duara. Nikakisogeza kulia kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka zikaingia. Zikipiga chini, kipandishe.

Rivolva za mtindo wa Colt ya 1873 kilengeo chake hakisogei. Zikipiga chini, fundi hupunguza chuma cha kilengeo cha mbele, risasi zikapanda. Na kwenye rivolva hizo za zamani jaza tano tu, nyundo ilale juu ya tundu tupu. Ikidondoka ikiwa na risasi chini ya nyundo, risasi inaweza kufyatuka.

Ndugu zangu mnaokuja kutembea, tusigombane. Ukiniambia "nipeleke nikapige hata moja," nitakutafutia kiti nyuma ya kioo, na simu yako ibaki mfukoni. Wala usiniombe nikubebee risasi kurudi nyumbani.

Shauri la mpwa bado liko kwa mwanasheria. Dada hunipigia kila Jumapili kutoka Morogoro: "Kwani hakuwa na wewe mjomba wake?" Namjibu ndiyo, dada, alikuwa na mimi, na mimi ndiye niliyempa.