Kumfundisha mbanguaji mpya kabla msimu haujachanganya

Karakana yangu ya kubangua korosho ipo Masasi. Mwaka wa kwanza niliajiri wasichana sita kwa mkupuo, nikawakabidhi mashine, nikaenda kutafuta wateja. Jioni nikakuta ndoo imejaa vipande. Vipande vinauzwa, ila kwa bei ya kutia huruma.

Sasa nachukua wawili wawili, mwezi wa tisa, korosho mpya zikiwa bado mtini. Siku ya kwanza hagusi mashine. Anakaa mezani kupanga madaraja: nzima, nusu, vipande, zilizoungua. Wananicheka kwamba naanzia mwisho. Lakini mtu akishahesabu punje nzima 300 hadi 320 kwenye ratili moja, akaambiwa hilo ndilo daraja la W320 analolitaka mnunuzi, mkono wake unashika adabu.

Siku ya pili ni mikono. Mafuta ya ganda yanababua ngozi. Apake mafuta ya kula, kisha majivu, au avae glavu. Mimi huwaonesha kovu la kidole gumba changu, basi, maneno hayahitajiki.

Korosho zikitoka kwenye mvuke zilale usiku kucha zipoe. Ukizikimbilia zikiwa za moto, unavunja punje.

Kwenye mashine simfundishi mimi. Nimempata bibi mmoja wa Newala aliyebangua tangu ujana. Anakaa mkabala na mgeni, anasikiliza tu. “Hiyo umeikata punje, mwanangu, hujapasua ganda.” Wiki mbili za mwanzo nalipa kwa siku. Ukimlipa mwanafunzi kwa kilo, atakimbiza kilo.

Ya usafi na vifungashio waulize SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Mtwara, wanayajua kunizidi.

Sasa hili la chekeche. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini tunahangaika kurekebisha visu vya mashine kutwa nzima. Nikamjibu ovyo. Kesho yake akaja na vipande viwili vya wavu, matundu tofauti, akachambua korosho ghafi kwa ukubwa kabla ya kubangua. Visu tukavirekebisha mara moja kwa kila saizi, na nzima zikaongezeka siku hiyohiyo.

Tangu hapo kila Jumamosi nauliza: wiki hii nini kimekuchelewesha? Mwanzoni walikaa kimya, maana niliuliza nikiwa bado nimeshika pesa zao. Siku hizi nalipa kwanza.