Somo: Namna ya kufungua filamu ya taharuki ili mtazamaji asibanduke

Wanachama, habari za jioni. Nimeangalia sini za kwanza mlizonitumia na nyingi zinafanana: giza, moshi, mtu kajifunika kofia ya jaketi anakimbia, muziki wa kutisha, halafu jina la filamu. Mtazamaji akifika hapo hajui hata aulize nini. Fumbo huanza pale anapoelewa karibu kila kitu anachokiona, isipokuwa kimoja kinachokataa kukaa mahali pake.

Leo tujenge sini moja pamoja. Mahali ni Isyonje, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, alfajiri, ukungu umetanda. Fuso la viazi limesimama kando ya lami.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Kabla ya kushika kamera, andika swali atakalobaki nalo mtazamaji sini ikiisha. Letu ni hili: dereva yuko wapi? Ukijikuta umeandika dereva yuko wapi, nani anamfuata, na mkewe analilia nini, hizo ni sini tatu. Zigawe.

Hatua ya 2: Jenga hali ya kawaida, kisha haribu kitu kimoja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtazamaji wa kwetu analijua lori la viazi. Anajua turubai linavyofungwa na lumbesa, yaani ujazo wa kupita kiasi, inavyovimba juu ya gunia. Mpe hayo yote kwa utulivu: taa zinawaka, injini inanguruma, mlango wa dereva uko wazi, kikombe cha chai juu ya dashibodi bado kinafuka mvuke. Kisha kamera ipite taratibu kwenye magunia. Yote yana kichwa cha lumbesa. Moja halina. Limeshonwa bapa, kwa uzi wa bluu.

Usilisogelee gunia hilo, wala usiliwekee muziki. Lipite kwa mwendo uleule uliopitia mengine. Mama muuza viazi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, atalishtukia kabla ya mhakiki yeyote wa filamu, na hapo ndipo ninapowasihi mwache kuiga mitaa ya miji msiyoijua. Mambo ambayo watu wenu wanayajua kwa macho ndiyo yanayowaumiza yakikaa vibaya.

Mtazameni Alfred Hitchcock katika Rear Window ya 1954. Mwanzoni kamera inazunguka uani kwa majirani, inaingia chumbani, inamwonyesha mwanaume kalala, jasho linamtoka, mguu uko kwenye plasta. Kisha inapita kwenye kamera iliyovunjika na picha ya ajali ya magari ya mashindano. Mwenye mguu hajasema neno, nasi tumeshajua kazi yake na kilichomvunja. Vitu vikipangwa kwa akili hivyo, maelezo ya mdomo hayahitajiki.

Hatua ya 3: Amua nani anajua nini

Hitchcock alipenda kueleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanaongea, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini mtazamaji akijua bomu lipo na wanaoongea hawajui, mazungumzo yaleyale yatamfanya atamani kuwapigia kelele wainuke. Hiyo ni taharuki: sisi tunajua kuliko mhusika. Kwenye fumbo, mhusika anajua kuliko sisi.

Sini moja inaweza kubeba yote mawili. Katika Touch of Evil ya Orson Welles, 1958, tunaona mikono ikitega bomu la saa, kisha linawekwa kwenye buti la gari. Kamera inalifuata gari hilo bila kukatwa kwa zaidi ya dakika tatu, hadi mpakani mwa Mexico na Marekani. Tunajua bomu lilipo. Aliyelitega hatumjui.

Turudi Isyonje. Anakuja kijana wa bodaboda, anasimama kando ya fuso. Asishangae. Azime taa za lori, afunge mlango taratibu, apande pikipiki aondoke. Kijana huyu anajua jambo, na hatujaambiwa ni jambo gani. Mwigizaji akikodoa macho hapo, ameharibu.

Hatua ya 4: Onyesha alama, mfiche aliyeiacha

Katika Jaws ya Steven Spielberg, 1975, msichana anaogelea usiku, anavutwa chini, anaburutwa huku na huku. Papa haonekani kabisa katika sini ile. Papa wa mitambo waliyemtengeneza alikuwa akiharibikaharibika kwenye maji ya chumvi, na uhaba huo ukaisaidia filamu nzima. Ninyi mnaolalamika hamna bajeti, mtazameni huyo mwogeleaji tena.

Hatua ya 5: Rekodi sauti peke yake

Ngurumo ya fuso, matone kwenye turubai, pikipiki inayosikika kabla haijatokea kwenye ukungu: virekodi kimoja kimoja, simu ikiwa karibu na chanzo. Na tafadhali, kinanda cha kutisha kisiingie kwenye dakika ya kwanza. Kinamwambia mtazamaji aogope kabla hajapata cha kuogopa.

Hatua ya 6: Kata mapema

Pikipiki ikishapotea kwenye ukungu, kata. Sini inayofuata iwe mchana, mahali pengine, watu wengine.

Maswali ya wanachama

Makambako: Kamwene mwalimu. Kwenye vibanda umiza tumezoea filamu zilizotafsiriwa, na mtafsiri hutuambia mapema kwamba huyu ndiye steringi, yule ndiye adui. Watazamaji wetu watavumilia kutoambiwa?

Kamwene. Watavumilia, kwa sababu hata kibandani watu hubishana: "Huyo mzee simwamini." Mtafsiri akiwa kimya, mabishano hayo ndiyo burudani yenyewe. Watakachokataa ni kutoelewa mahali, saa na nani anafanya nini. Hayo waeleze waziwazi.

Tukuyu: Kaka, ukungu haungoji mtu. Tukishapanga vifaa umeondoka, au umezidi hatuoni kitu.

Pole, naijua shida hiyo. Ukungu ukiwepo, piga shoti za mbali tu: lori, barabara, bodaboda akija na akiondoka. Kikombe, uzi wa bluu na mkono kwenye mlango mtavipiga saa yoyote, hata kesho, mradi mbingu iwe na mawingu ili mwanga ufanane. Kamera iliyopoa nje msiiingize moja kwa moja kwenye gari lenye joto, lenzi itashika mvuke. Ifungeni ndani ya begi lake kwanza, ipate joto taratibu.

Iringa: Shikamoo mwalimu. Nataka kufungua na maiti kwenye jiwe la Gangilonga. Mwenzangu anasema maiti zimechosha.

Marahaba. Maiti peke yake inaleta swali ambalo kila mtu ameshalisikia: nani kaua? Tafuta kinachopingana nayo. Mvua imenyesha usiku kucha, njia ya kupanda ni tope tupu, na viatu vya marehemu havina hata doa. Sasa watu wa Iringa wanaopajua pale watauliza alifikaje juu, na hilo ni lako peke yako.

Mafinga: Jibu la fumbo litolewe lini?

Jibu kubwa likae hadi karibu na mwisho, ila toa jibu dogo mapema, mtazamaji aamini kwamba unajua unakompeleka. Na jibu kubwa lijue wewe kabla ya kuandika sini ya kwanza. Wanaoanza na fumbo zuri wakitumaini jibu litakuja lenyewe huishia kwenye ndoto au pacha aliyefichwa, na mtazamaji hasamehe.

Uyole: Ndaga fijo kwa somo. Tunataka kufungulia stesheni ya TAZARA hapa Mbeya. Tukienda na simu tu, bila taa wala watu wengi, kuna shida?

Ipo. Simu nayo ni kamera, na stesheni ina ulinzi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali, kwa hiyo anzeni na Bodi ya Filamu, kisha ombeni ruhusa ya uongozi wa stesheni kwa barua. Itajeni siku, saa, sehemu mtakayopiga na idadi ya watu, na siku ya kupiga mwende na nakala mkononi.