Somo: Jinsi ya kuzuia kinyesi cha nguruwe kisifike ziwani

Habari za kazi, wafugaji wenzangu wa Ilemela, Nyamagana na Magu, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria. Somo hili niliahidi kulileta tangu masika. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilifuata mfereji unaopita nyuma ya mabanda yangu. Maji yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa, yana povu ukingoni, yanateremka juu ya mawe bila kuzama popote. Mwisho wa mfereji ni ufukweni, na pale kina mama walikuwa wanachota maji ya kunywa. Kinyesi kilikuwa changu. Tangu siku ile nimebadilisha kazi yote bandani.

Nguruwe wa kunenepesha mwenye kilo 60 hutoa kinyesi na mkojo wa kilo 3 hadi 5 kwa siku. Ukiwa na 20, kila siku una kilo 60 hadi 100 za kupeleka mahali. Ndani yake mna nitrojeni na fosforasi, na vikiingia ziwani vinalisha mwani na magugu maji, yale yale yaliyoanza kututesa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani ukifa unaoza, kuoza kunamaliza oksijeni, na samaki wanakosa hewa. Ziwa letu halichafuliwi na nguruwe peke yao, maji taka ya mjini na udongo wa mashamba vimo pia. Lakini sehemu yetu tunaiweza sisi wenyewe.

Hatua ya 1: Pima umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kama banda limo ndani ya hizo, hatua zinazofuata hazitakuokoa. Hamisha.

Hatua ya 2: Zoa kabla ya kuosha. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Wengi wetu tukiingia bandani asubuhi tunashika mpira wa maji kwanza. Hilo ndilo kosa. Kinyesi kikavu hakiendi popote, ni maji yanayokipa miguu. Chukua beleshi, zoa kila kitu, weka kwenye toroli. Kisha mwagia maranda au maganda ya mpunga sakafuni palipo na mkojo, subiri vinyonye, zoa tena. Ndipo uoshe. Mimi nilikuwa natumia ndoo 20 kwa banda moja, sasa ndoo 5 zinatosha, na maji yanayotoka hayajazi shimo la maji ya kuoshea.

Hatua ya 3: Tenga maji ya mvua. Weka gata kwenye paa, na chimba mtaro upande wa juu wa banda ili maji ya mlimani yapite pembeni. Huku kwetu kwenye majabali, mvua ya nusu saa tu inaweza kujaza shimo lako lote na kulimwaga.

Hatua ya 4: Tengeneza mboji. Kinyesi cha nguruwe kina nitrojeni nyingi, kikikaa peke yake kinanuka na kupoteza nguvu. Kwa toroli moja la kinyesi changanya mawili au matatu ya maranda, mabua au nyasi kavu. Rundo lifike mita moja kwenda juu, lifunike kwa turubai. Siku ya nne choma nondo katikati, iache dakika kumi, uichomoe na uishike. Ikikuunguza kiganja, rundo linafanya kazi. Ikitoka baridi, ama limekauka ama limelowa mno. Geuza kila wiki. Baada ya miezi mitatu hivi litanukia udongo.

Hatua ya 5: Maji ya kuoshea yaelekezwe kwenye shimo lililosakafiwa, na upande wake wa chini, kwenye mteremko, panda ukanda mnene wa majani ya tembo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kisesa: Nikichimba shimo refu sana lisijae mapema, kuna ubaya?*
Upo, ndugu yangu. Ukikaribia maji ya ardhini, unachafua kisima chako na cha jirani. Bora shimo fupi, pana, lenye saruji. Na tafadhali sana: asiingie mtu shimoni kulisafisha, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo inanuka kama yai viza, lakini ikizidi inaua pua kwanza, husikii tena harufu, kisha unaanguka. Anayekufuata kukuokoa huanguka juu yako.

*Mama wa Igombe: Naweza kumwaga kinyesi kibichi kwenye mchicha?*
Hapana, mama. Kina mayai ya minyoo, na mchicha unagusa udongo. Subiri kiwe mboji iliyopata joto.

*Mwanachama wa Buhongwa: Nina nguruwe 8. Nikijenga mtambo wa gesi, tatizo la uchafu limekwisha?*
Kilo 30 hivi kwa siku zinatosha mtambo mdogo wa familia, jenga. Lakini halijaisha. Gesi inachukua kaboni tu. Nitrojeni na fosforasi zinatoka na tope upande wa pili. Tope hilo lipeleke kwenye migomba, usiliachie mfereji.

*Mwanachama wa Kayenze: Homa ya nguruwe ikipita, mizoga tuipeleke wapi? Wengine wanatupa mtoni.*
Inauma, maana unazika ada ya shule. Lakini mtoni kamwe. Mwite afisa mifugo kwanza. Homa hii haimpati binadamu, ila haina tiba, na mzoga mmoja unaosogea na maji unapeleka ugonjwa kwa wafugaji wa chini. Zika mbali na kisima, mwagia chokaa, funika kwa udongo wa kutosha mbwa wasifukue. Mabuti yaoshwe kwa dawa pale pale kaburini, kabla hujarudi bandani.